Matawi msiyachome, mteremko unayahitaji

Mhariri,

Kazi yangu ni kupogoa na kuangusha miti. Kila nikimaliza, mwenye shamba huniuliza, "Haya matawi tuyachomee wapi?" Mara nyingi huniuliza tukiwa tumesimama kwenye mteremko ambao mizizi imeshaanza kuchungulia, kwa kuwa udongo ulioifunika umekwenda na maji. Swali hilo huniuma.

Mmomonyoko huanza na tone. Tone kubwa la mvua hutua kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu, huvunja mabonge na kurusha chembe. Chembe hizo huziba vitundu vya ardhi, maji yakakosa pa kuingilia, yakateremka na udongo wetu. Matandazo ya vibanzi vya miti, yaani matawi hayo hayo yakisagwa au kukatwakatwa na kutandazwa juu ya udongo, hulipokea tone hilo kabla halijagusa ardhi, kisha huyachelewesha maji yanayotiririka.

Wengi hutandaza nyasi kavu. Si mbaya, lakini hupeperushwa na upepo na huoza upesi. Vibanzi ni vizito, na vile virefu hulaliana vikashikana. Vumbi la mbao peke yake silipendekezi kabisa mteremkoni: huelea likasombwa, na likigandamana huzuia hata maji kupenya.

Wapo wanaohofia kwamba vibanzi hunyonya rutuba. Hilo hutokea hasa ukivichanganya na udongo, maana vijidudu vinavyoviozesha huchukua naitrojeni ambayo mmea ungeitumia. Vikikaa juu, upungufu huishia kwenye tabaka jembamba la juu. Kuzunguka miti, unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha, ila usivirundike kwenye shina, litaoza. Na mabaki ya mbao zilizotiwa dawa msiyatumie kamwe. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo ni sumu.

Palipokwisha kuchimbika korongo, vibanzi pekee havitafua dafu. Maji yaliyojikusanya huvibeba vyote. Hapo yagawanyeni kwanza huko juu yanakotokea, kwa matuta au kwa magogo yaliyolazwa kukingama mteremko na kushindiliwa yasiache mwanya chini.

Ninachowaomba wenye mashamba ni kidogo. Mnapotuita, tuambieni mapema kwamba matawi yanabaki, tuje na mashine ya kuyasaga au angalau mapanga ya kuyakatakata, tuyatandaze kabla ya mvua. Ya kuchoma yawe yale yenye ugonjwa tu.

Mpogoaji miti