Malalamiko: swichi ya maikrowevu yenye kibandiko cha uongo na ushauri wa hatari

Morogoro,
14 Mei.

Meneja,
Duka la Vipuri,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SWICHI ZA MLANGO WA MAIKROWEVU NA USHAURI WA MHUDUMU WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 2 mwezi huu niliagiza kwenu swichi tatu za mlango wa maikrowevu, mbili za NO (hupitisha umeme zikibonyezwa tu) na moja ya NC (hupitisha ikiachwa, hukata ikibonyezwa). Nililipa kwa simu shilingi 13,500 pamoja na 5,000 ya kifurushi kwa basi. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, hivyo kazi yenyewe haikunitisha. Nilichomoa plagi, nikafungua kava, nikamaliza chaji ya kapasita kabla sijagusa waya, maana ile hubaki na umeme wa kuua hata mashine ikiwa imechomolewa. Kisha nikafunga swichi zenu.

Nilipobonyeza kitufe cha kuanza, fyuzi ikaungua. Nikanunua nyingine ya ampea 10, nayo ikaenda hivyo hivyo. Ndipo nikazitoa swichi zote na kuzipima kwa mita moja moja. Zote tatu zilikuwa kimya, mita inalia pale tu ninapobonyeza. Ile ya pakiti ya NC ilipaswa kulia ikiachwa na kunyamaza ikibonyezwa. Nikabandua kibandiko chenu kwa ukucha. Chini yake, kwenye plastiki yenyewe, kiwanda kimeandika NO.

Pakiti kuchanganywa hutokea, na hilo tungelimaliza kwa simu. Kilichonifanya niandike ni jibu la mhudumu wenu: "Hiyo ya tatu itoe tu, itafanya kazi."

Ni kweli itafanya kazi, na hatari iko hapo hapo. Swichi ile haiwashi kitu. Iko pale kwa ajili ya siku ambayo zile nyingine zitanata na mlango ukafunguliwa huku umeme bado unakwenda kwenye transfoma na mawimbi ya kupikia yakitoka hadi kwa aliye mbele ya mlango: inapiga shoti kwa makusudi, fyuzi inaungua, mashine inazima. Ukiitoa, chakula kitapata moto kama kawaida na hakuna mtu nyumbani atakayejua kwamba kinga imeondolewa.

Kwangu maikrowevu hii ni ya mama. Tangu apate kiharusi ana mkono mmoja tu wenye nguvu, sufuria hawezi kuipua. Anayemsaidia ni mjukuu wake wa miaka 4, ambaye kila mara hufungua mlango kabla kengele haijalia. Uso wake uko usawa wa mlango ule. Mimi nilijua cha kukataa. Je, mteja asiye fundi aliyepewa jibu hilo hilo?

Naomba mnitumie swichi sahihi ya NC kwa gharama zenu, na mnirudishie shilingi 3,000 za fyuzi mbili. Zaidi ya hayo, pimeni boksi lote lilikotoka swichi hii na muwapigie waliokwisha kununua. Namba zao mnazo kwenye miamala. Mhudumu naye aelezwe kazi ya swichi hiyo. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani (FCC).

Nimeambatanisha nakala ya risiti, na picha ya swichi ikiwa na kibandiko na baada ya kubanduliwa.

Wenu,
Mteja, Morogoro.