Barua kwa Sudi kuhusu shahada ya siku kumi

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Ndugu yangu Sudi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wenzako mnaoishi nao hapo Ruwi, Oman. Sisi huku hatujambo. Mama nilimwona Ijumaa baada ya swala. Mguu umepungua kuvimba, na anakuombea dua kama kawaida yake. Habari za Kassim na lile shamba nitakuandikia siku nyingine, kwa kuwa leo nina jambo moja tu, na usiku wa tatu huu linaninyima usingizi.

Ujumbe wako niliupata Alhamisi. Unaniomba nifungue sanduku, nitoe cheti chako cha stashahada, nikipige picha nikutumie, kisha nikukopeshe shilingi milioni moja na nusu ili ukamilishe malipo ya shahada ya uhandisi kutoka chuo kikuu cha Marekani ulichokipata mtandaoni. Unasema watakupa shahada hiyo kwa siku kumi, bila darasa wala mtihani, kwa sababu wameshatathmini miaka yako kumi na minne ya kufunga na kutengeneza viyoyozi. Unasema pia wamekuachia uchague mwenyewe mwaka wa kuhitimu utakaoandikwa kwenye cheti. Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Tangu lini chuo kikamuuliza mtu angependa awe amehitimu mwaka gani?

Cheti chako nimekitoa, kiko mezani mbele yangu ninapoandika, lakini sitakutumia. Pesa nazo sitatuma kwa kazi hiyo. Nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua.

Najua kilichokusukuma. Yule kijana uliyemfundisha kujaza gesi kwa mikono yako leo ndiye anayekusainia likizo, kwa sababu tu yeye ana shahada na wewe huna. Ningekuwa mimi, ningeumia vivyo hivyo. Kazi unaijua kuliko yeye, na kila fundi aliyewahi kupanda paa pamoja nawe anajua hivyo. Ndiyo maana nimekasirishwa na hawa watu, kwa kuwa wanawatafuta watu wenye uchungu kama wako na kuuchuma.

Tangu Ijumaa nimesoma sana juu ya biashara hii. Mwezi Mei 2015 mwandishi Declan Walsh wa gazeti la New York Times aliifichua kampuni ya Axact ya mjini Karachi, iliyojitangaza kuwa inatengeneza programu za kompyuta, kumbe nyuma yake kulikuwa na tovuti zisizopungua 370, nyingi zikiwa za vyuo na shule zisizokuwepo popote. Majina yalitungwa yakaribiane na ya vyuo vinavyojulikana, kama vile Columbiana na Barkley. Wahadhiri waliozungumza kwenye video walikuwa waigizaji wa kulipwa, na wale washauri wa wanafunzi waliopokea simu kwa lafudhi ya Kimarekani walikuwa wauzaji waliokaa Karachi wakifanya kazi kwa zamu. Sasa mkumbuke huyo mshauri wako mwenye sauti ya upole, aliyekuambia punguzo linakwisha Ijumaa.

Lililonitisha zaidi lilitokea jirani na hapo ulipo. Mhasibu mmoja Mhindi aliyekuwa akifanya kazi Abu Dhabi aliwalipa dola 3,300 akiamini anajiunga na masomo ya uzamili ya biashara kwa mtandao. Baadaye akapigiwa simu na mtu aliyedai kuwa anawakilisha serikali ya Falme za Kiarabu, akaonywa kwamba asipoihalalisha shahada yake huenda akafukuzwa nchini, naye kwa hofu akakubali kulipa dola 18,000 nyingine kwa awamu. Aliyepiga alikuwa mtu wa kampuni ile ile.

Hiyo simu ya pili, Sudi, ndiyo ninayoiogopa kuliko hasara ya mwanzo. Mtu akishakuuzia cheti cha uongo anakuwa na jina lako, jina la mwajiri wako na nakala ya pasipoti yako, na juu ya yote anashika siri ambayo wewe mwenyewe huwezi kwenda kuishitaki polisi. Anaweza kukupigia mwakani, au miaka mitano baadaye utakapokuwa meneja na una zaidi cha kupoteza. Ndiyo sababu sitaki hata picha ya stashahada yako, iliyo ya halali, iwafikie mikononi.

Unaniambia umeonyeshwa muhuri wa dhahabu na saini za wakubwa. Mmisri mmoja alilipa dola 12,000 kwa udaktari wa teknolojia ya uhandisi kutoka Nixon University, chuo kingine cha hao hao Axact, ukiambatana na hati yenye saini ya John Kerry, ambaye wakati ule alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Unaniambia pia chuo kina ithibati, yaani kibali cha ubora. Imetolewa na nani? Axact walijitengenezea hata vyombo vya kutoa ithibati, yaani mwizi alijiandikia mwenyewe barua ya tabia njema. Huko Spokane, jimbo la Washington, wenye Saint Regis University walitangaza kwamba wanatambuliwa na Liberia, na kesi ikaja kuonyesha kwamba maofisa wa Liberia walihongwa. Mume na mke waliokuwa wakiiendesha walihukumiwa kifungo mwaka 2008.

Na hiyo tathmini ya uzoefu, ambayo naona ndiyo iliyokuvutia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kukuambia kwamba miaka yako ina thamani, nisikilize vizuri. Mwaka 2009 watu wa tovuti ya GetEducated walimwombea mbwa wao, Chester, shahada ya uzamili ya biashara kutoka Rochville University. Walilipa dola 499, na mbwa akapewa shahada kwa uzoefu wake wa maisha, pamoja na karatasi za matokeo. Hakuna aliyeketi kupima kazi yako, ndugu yangu. Walichosoma ni namba ya kadi ya benki tu.

Nakuandikia pia kwa sababu ya yale niliyoyaona ofisini mwaka 2017. Unakumbuka Rais Magufuli alivyopokea ripoti ya uhakiki wa vyeti pale Dodoma, tarehe 28 Aprili, na watumishi 9,932 wakaondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Mimi nilikuwa afisa utumishi mdogo, na nilikuwa chumbani Mama Zawadi alipoambiwa jina lake limo. Ile ilikuwa hadithi ya cheti cha kidato cha nne, si shahada ya mtandaoni, lakini alichoniambia ninakisikia mpaka leo: kwamba kwa miaka kumi na tisa, kila faili lilipofunguliwa, tumbo lilimkata. Kazi alikuwa akiifanya vizuri, na hakuna aliyebisha hilo. Aliondoka hana mafao, na hadi mwaka 2022 serikali iliporuhusu warejeshewe michango yao wenyewe, alikuwa ameshauza nyumba ya Chumbageni. Sitaki wewe ukae ugenini, mbali na ndugu, na tumbo la namna hiyo.

Utaniuliza basi ufanye nini, maana miaka inakwenda. Ujuzi wa kazini una njia zake za kutambuliwa hata hapa kwetu: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunza nje ya mfumo, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ina utaratibu wa mitihani kwa watu wenye uzoefu wanaotaka kuingia chuo kikuu. Lakini huko uzoefu unakufikisha mlangoni, halafu unasoma. Wewe una stashahada halali, kwa hiyo umeshapita hatua kubwa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinawafundisha watu walio makazini kwa masafa. Nitakwenda kuuliza programu zipi zinapokea stashahada kama yako, na mtihani mtu aliye nje ya nchi anaufanyia wapi. Ukipendelea chuo cha nje, tuwaulize kwanza TCU kama tuzo yake inatambuliwa, kabla hujalipa chochote. Itachukua miaka mitatu au zaidi, nami sikufichi. Ile milioni moja na nusu ninayo, na nitaitoa yote kwa ada ya aina hiyo, tena bila kuihesabu kuwa deni.

Sasa nijibu haya, maana ujumbe wako ulikuwa mfupi. Umeshawalipa kitu, au bado? Kama umelipa, ni kiasi gani, na ni kwa kadi au kwa kutuma? Kama ni kwa kadi, unaweza kwenda benki kesho asubuhi uwaeleze waifunge? Pasipoti umewatumia? Kuna mtu yeyote kazini uliyemwambia kwamba shahada inakuja, na je, umeandika popote, hata kwenye fomu moja ya maombi, kwamba unayo? Na kama ile simu ya pili imeshapigwa, mbona hukuniambia? Nakuomba sana, ikipigwa usilipe, usibishane nao, nipigie mimi saa yoyote.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Cheti chako nimekirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni, chini ya picha ya marehemu baba yako, na ufunguo wa sanduku ninao mimi.

Ndugu yako akupendaye,
Mbaraka