Barua ya wazi kwa Liwali (gavana) wa jimbo la Haut-Katanga, Kongo: falanga za barabara ziwafikie pia wanaotembea kwa miguu

Mheshimiwa Liwali,

Baba yangu alilea watoto sita kwa kinga, yaani baiskeli. Aliondoka nyumbani saa nane ya usiku kwenda kufungasha makala (makaa ya kupikia) upande wa barabara ya Kasenga, na asubuhi alirudi akisukuma magunia yaliyomzidi urefu. Mwaka 2011 lori la mizigo lilimpitia karibu mno. Hakuwa na pa kukwepea, kwa sababu lami iliishia kwenye mfereji wazi. Mguu wake wa kuume haukunyooka tena. Simtafuti dereva yule. Ninachouliza ni kwa nini barabara ilijengwa kana kwamba watu wa kinga hawapo, na kwa nini bado tunajenga vile vile.

Mimi ni mwalimu, ninakaa Katuba, komini (manispaa) mojawapo ya Lubumbashi. Kazini ninaenda kwa miguu, kama wanafunzi wangu karibu wote. Tukifika njia za upande wa soko la komini ya Kenya tunabanana: mama mwenye beseni la bunga (unga) kichwani, mtoto wa darasa la pili, msukuma mkokoteni, manseba wa pikipiki za abiria wanaopenya kushoto na kuume, taksibasi zinazosimama popote kwa kuwa hazikutengewa pa kusimama. Mvua za Novemba zikianza, kanivo, yaani mifereji ya kando ya barabara, zilizojaa taka zinatema maji njiani, na sisi wa miguu tunasukumwa katikati ya magari. Mwaka jana nilimfundisha mtoto aliyekosa wiki tatu za masomo kwa sababu pikipiki ilimgonga akiruka dimbwi. Alipona, namshukuru Mungu.

Ninajua jibu la kwanza litakuwa kwamba falanga hazipo. Ibara ya 175 ya Katiba inazipa majimbo 40% ya mapato ya taifa, na sote tunajua kwamba Kinshasa haitoi kiasi hicho kamili. Hilo si kosa lako. Lakini kuna falanga ambazo hazisubiri Kinshasa. Ibara ya 204 inaweka kodi ya magari mikononi mwa jimbo. Na tangu Kanuni ya Madini ilipobadilishwa mwaka 2018, katika mrabaha unaolipwa na migodi 25% ni ya jimbo na 15% ni ya komini, sekta au uchifu ambamo mgodi upo. Hapa kwetu, kwenye shaba na kobalti, hizo si falanga za kununulia chumvi.

Sasa tazama nani anaharibu barabara na nani anazilipia. Wahandisi wamepima jambo hili tangu miaka ya 1950: uzito unaobebwa na ekseli moja ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa lami huongezeka kama mara 16. Kinga ya baba yangu, hata ikiwa na magunia manne, haijawahi kuchimba shimo kwenye lami. Malori ya madini yanayoshuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana ndiyo yanayochimba. Hata hivyo mama wa beseni naye analipia barabara kila siku. Mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, ulioanzishwa mwaka 2008, unakula kwenye kila lita ya mafuta. Lita hiyo imo ndani ya nauli ya taksibasi, na imo ndani ya bei ya bunga lililoletwa na lori. Analipa, kisha barabara inapojengwa haachiwi hata mita moja ya kupitisha miguu yake.

Kwa hiyo, Baba Liwali, kabla hujapeleka bajeti mbele ya bunge la jimbo, ninaomba sehemu ya kodi ya magari na ya mrabaha wa madini itengwe kwa jina lake: njia za miguu, kanivo zenye vifuniko, vituo vya taksibasi, na ukanda wa kinga kwenye barabara ya Kasenga, ya Kipushi na ya Likasi, ambazo makala na mboga zetu hupitia. Isichanganywe na fungu la jumla la «miundombinu», kwa sababu humo hugeuka lami tupu. Kodi ya gari ipande kadiri uzito unavyopanda, na basi linalobeba watu wengi lilipe kidogo kuliko jipu linalobeba mtu mmoja. Kazi ya lami ambayo mchoro wake hauna njia ya miguu isilipwe.

Sisemi lami ni mbaya. Avenyu zilizowekwa lami miaka hii zimetuondolea vumbi la Agosti, na wagonjwa wa kifua wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini kwenye avenyu laini gari hukimbia zaidi, na mtoto anayetembea ukingoni yuko hatarini kuliko alivyokuwa kwenye mashimo.

Mwisho, hesabu. Kila baada ya miezi mitatu, DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo, itangaze kodi ya magari imeingiza kiasi gani na imekwenda wapi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa kila komini, kuanzia Ruashi hadi Annexe. Ile ya Katuba nitaisoma na wanafunzi wangu kwenye somo la hesabu.

Kwa heshima,
Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi