Harambee ya Kumpeleka Beki Wetu Shuleni

Wapendwa washirika, majirani, na wana wa Luanda, Kaunti ya Vihiga, mlioko Nairobi, Kisumu na ng'ambo,

Mnamjua. Ni yule msichana ambaye jioni akitumwa mtoni hurudi na ndoo kichwani na mpira miguuni. Ndoo haimwagiki.

Alianzia nyuma ya kanisa, na wavulana, kwa mpira wa matambara (majuala ya plastiki ya kusukia mpira yalishapigwa marufuku tangu 2017). Walimweka golini kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa huko, na akiwa golini akajifunza kuona mpira unaelekea wapi kabla haujapigwa. Leo ana miaka 15, ni beki wa kati, na shule moja ya bweni imemwita aingie Gredi ya 10. Karo ya mwaka ni shilingi 40,535. Shule itabeba nusu.

Wiki jana nilivishika mkononi viatu vyake vya mpira. Ni namba 40. Yeye huvaa 38. Mbele amejaza soksi kuukuu. Soli ya kulia imeshonwa mara tatu na fundi wa pale stejini, na njumu mbili za upande wa kidole gumba zimeng'oka, ndiyo maana akigeuka ghafla huteleza.

Hesabu yetu ni hii. Nusu ya karo ni kama 20,300. Sare, godoro na sanduku, 17,000. Viatu, vilinda ugoko, sidiria mbili za michezo na sodo za mwaka mzima, 9,500. Wazee wawili wa kamati walitaka sidiria na sodo zifutwe kwenye karatasi, eti zinaaibisha madhabahu. Hazikufutwa. Wakitaka kujua kwa nini wasichana hukosa mazoezi siku kadhaa kila mwezi, wawaulize wake zao. Mamake, anayeuza omena sokoni, ameshatoa 6,000. Zimebaki 40,800.

Kuna anayeuliza mpira utampeleka wapi. Vihiga Queens, timu ya wanawake ya kaunti yetu, walicheza hapa hapa uwanja wa Mumboha, na mwaka 2021 wakatwaa taji la CECAFA, la kanda ya Afrika Mashariki na Kati, wakaenda Misri kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika, ya kwanza kabisa. Jentrix Shikangwa alipitia kwao kabla ya kuchezea Simba Queens ya Tanzania. Oktoba 2024, wasichana wa chini ya miaka 17 walikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika Kombe la Dunia, kule Jamhuri ya Dominika, na wakawafunga Mexico 2-1. Binti huyu alikesha akitazama kwa simu ya jirani.

Hatumwahidi mtu kwamba naye atafika huko. Goti moja likiumia hesabu yote hubadilika, ndiyo maana tunachangia shule kwanza.

Tukutane Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, uani kwa kanisa, baada ya ibada ya pili. Leteni kuku, ndizi, mayai, tutapiga mnada. Mwaka jana jogoo mmoja aliuzwa mara nne na bado akarudi kwa mwenyewe. Mlio mbali, namba ya M-Pesa mtapewa na mhazini, msitume kwingine. Majina ya waliochanga yatasomwa, na asiyetaka lake lisomwe amwambie mhazini mapema.

Na mwenye viatu vya mpira namba 38 vilivyolala tu kabatini, avilete hata kabla ya Jumapili. Ana mechi Alhamisi.