Barua ya wazi kwa vijana wetu wa karti (vigari vidogo vya mbio), Liège na Verviers, Ubelgiji

Wanangu,

Salamu nyingi kwenu na kwa wazazi wenu. Nimewasikia mkibishana baada ya mashindano ya karti ya Genk, mmoja akisema kwamba asiyeingia Langalanga (Formula 1) kabla ya miaka ishirini na miwili amekwisha, heri auze helmeti yake. Wengi wenu mlitikisa kichwa kukubali. Jambo hilo limenikaa rohoni, kwa sababu naona mnajihukumu mapema kwa kipimo kimoja tu, na si kipimo cha mji huu mnamoishi.

Hapa hapa Verviers, mwaka 1961, alizaliwa dereva wa mbio za magari, Eric van de Poele. Nawaomba mumjue vizuri kuliko mnavyowajua wale wa kwenye mabango.

Mwaka 1987 aliendesha BMW M3 ya timu ya Zakspeed katika DTM, ubingwa wa Ujerumani wa magari yanayotokana na yale ya barabarani. Alitwaa taji bila kushinda mbio hata moja msimu mzima. Wenzake waligawana ushindi huku na huku. Yeye alimaliza, tena karibu na mbele, wiki hii na ile inayofuata, pointi zikajumlika. Kiangazi hicho hicho alishinda Saa 24 za Spa, mbio za hapa Ubelgiji ambazo madereva hupokezana gari moja usiku na mchana, pamoja na Jean-Michel Martin na Didier Theys. Alikuwa na miaka 25.

Langalanga nayo aliifuata, msidhani hakuitaka. Mwaka 1990 alishika nafasi ya pili katika Formula 3000, ngazi iliyokuwa chini ya Langalanga, nyuma ya Érik Comas, na 1991 akapata kiti katika timu ya Modena iliyotumia injini za Lamborghini. Gari lilikuwa dhaifu kiasi kwamba mwaka mzima alifuzu kuanza mbio mara moja tu, kule Imola. Na siku hiyo aliingia mzunguko wa mwisho akiwa wa tano! Pampu ya mafuta ikagoma. Akaandikwa wa tisa, pointi zikaenda kwa wengine. Mwaka 1992 akaenda Brabham, kisha Fondmetal. Jumla ya mbio za Langalanga alizoanza ni tano, pointi sifuri. Kwa hesabu yenu ya pale Genk, huyo alikuwa amekwisha kitambo.

Lakini mwaka 1995 alishinda Saa 12 za Sebring, Florida, kwa Ferrari 333 SP. Saketi ile ilitokana na uwanja wa ndege wa kijeshi, na zege lake lenye matuta huchosha gari na mwili wa dereva. Mwaka uliofuata alishinda tena hapo hapo, safari hii kwa gari la Riley & Scott. Mwaka 2001, Bentley iliporudi kwenye mbio za Saa 24 za Le Mans, Ufaransa, baada ya miongo mingi, alikuwa miongoni mwa madereva watatu walioifikisha nafasi ya tatu, pamoja na Andy Wallace na Butch Leitzinger. Na Spa aliirudia: 1998 kwa BMW, kisha 2005, 2006 na 2008 kwa Maserati MC12. Ushindi mara tano. Hakuna dereva aliyewahi kumpita hapo. Wa mwisho aliupata akiwa na miaka 46.

Sasa hesabuni jambo ambalo watu hawalihesabu. Katika ushindi huo mara tano, alishirikiana usukani na watu wanane tofauti: Wabelgiji wenzake, Wajerumani, Wafaransa, Mwitaliano. Huo ni ujuzi, na sijaona hata mmoja wenu anayeufanyia mazoezi.

Mbio ndefu zinadai mambo ambayo karti haiwafundishi. Kiti kinawekwa kwa kupatana, si kwa urefu wako peke yako. Mfupi anaongezewa mto, mrefu anakunja magoti. Ukiingia kwa mafundi unalegeza mikanda mapema, unatoka mbio, kisha unainama kumfunga mwenzako mikanda huku ukimweleza hali ya gari kwa maneno machache: breki zinachelewa, tairi ya kushoto nyuma imeisha, mvua iko kwenye kona ya Blanchimont lakini kona ya La Source ni pakavu. Saketi ya Spa ni ndefu, kilomita saba, na mvua yake huchagua upande. Ukimficha kwamba ulipanda ukingo kwa nguvu na usukani sasa unavuta, atakwenda kulijua hilo kwenye kona ya Raidillon, kwa mwendo ambao hausamehe.

Ndiyo maana nilisikitika nilipomwona mmoja wenu akirudisha karti iliyopinda ekseli na kunyamaza, mwenzake akaingia nayo. Sitamtaja. Wewe unajijua, mwanangu, na yule rafiki yako anastahili kuambiwa wiki hii.

Kwa wazazi nasema hivi: msikope fedha kumfukuzia mtoto kiti cha Langalanga. Muulizeni kama yuko tayari kusomea ufundi wa magari huku akiendelea na karti. Timu ya mbio za saa 24 ina mafundi, watu wa tairi, wa mafuta, wa kusoma takwimu za injini, na dereva anayeelewa lugha yao hupendwa na wote.

Kiangazi hiki, Saa 24 za Spa zikifika, twendeni pamoja. Msikae kwenye kona ya Eau Rouge usiku kucha mkipiga picha. Tafuteni mahali mnapoona magari yakiingia kwa mafundi, chagueni timu moja, mwandike kila badiliko la dereva: limechukua sekunde ngapi, nani alimsaidia nani, nini kilikwama. Asubuhi mtanisomea mlichoandika.

Mzee wenu,
Verviers