Mizani huna, beseni je?

Mhariri,

Wanaouza vitabu mtandaoni hukutajia bei, mwaka wa chapa, hata kona ya jalada iliyotafunwa na panya. Ukiuliza uzito ili ujue gharama ya kukisafirisha, jibu ni moja: "Sina mizani." Lakini beseni analo.

Jaza maji ndoo pana, kisha weka juu yake beseni dogo la plastiki lielee bila kugusa kingo. Kitabu kifungwe nailoni na kilazwe katikati. Kikikaa upande, beseni litainama na kukimwaga majini, na hapo uzito utapanda huku bei ikishuka. Beseni likitulia, chora mstari ubavuni mwake pale maji yalipofika. Toa kitabu, kisha mimina maji ndani ya beseni kwa chupa ya nusu lita mpaka lizame hadi kwenye mstari uleule. Mililita moja ni gramu moja: chupa moja na robo ni gramu 625. Mstari uwe kwenye beseni, tafadhali. Ukiuchora kwenye ndoo kisha ukachota maji humohumo, utachota hadi Idi ijayo na maji ya ndoo hayatapanda wala kushuka, kwa kuwa unachokitoa ndicho beseni linachokisukuma.

Asiyetaka kulowa atumie mpini wa fagio, bila fagio lenyewe. Ufunge kamba pale unapolala sawa, uuning'inize mlangoni. Kitabu kikae sentimita 20 kutoka kwenye kamba. Upande wa pili sogeza chupa ya maji ya nusu lita. Mpini ukinyooka chupa ikiwa sentimita 28, zidisha 500 kwa 28, gawa kwa 20: gramu 700, na kidogo juu kwa ajili ya plastiki ya chupa.

Mvivu kabisa apige hesabu. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina gramu 5, ya A5 ina 2.5. Kitabu cha A5 chenye kurasa 300 kina karatasi 150, si 300 (hapa ndipo wengi huuza hewa), yaani gramu 375 kabla ya jalada.

Kukadiria kwa mkono ni kujidanganya. Vitabu viwili vyenye uzito sawa, kile kidogo mkono hukiona kizito zaidi.

Basi hata matangazo ya vitabu gazetini mwako, mhariri, yaandikwe gramu.

Msomaji,
Tanga