Barua kwa Mwajuma: jasi iliyozaliwa gizani

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu Mwajuma,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, ila joto tu na umeme wa kukatika kila jioni. Mama mguu umepona, anakusalimu sana na bado anadai asali yake ya Sikonge. Mwambie shemeji deni halijafa.

Sasa hao wanafunzi wako wa kidato cha tatu. Eti umewafundisha kwamba matumbawe hayaishi bila jua na maji ya uvuguvugu, akanyanyuka mmoja akasema yapo yanayoishi gizani huko Ireland. Mpe maksi zake, amesema kweli. Kitabu kinaeleza matumbawe ya Mafia na Zanzibar, ambayo mwilini yana mwani mdogo mno, na huo mwani ndio unaotaka jua. Haya ya huko hayana mwani. Jina lake la kitaalamu ni Desmophyllum pertusum (zamani Lophelia pertusa), na yanaishi mamia ya meta chini, katika maji ya nyuzi 4 hadi 12 hivi, yakidaka vijidudu na mabaki yanayopitishwa na mkondo. Hilo halikuumizi kichwa, wewe ni mwalimu wa kemia.

Mimi kilichoniteka ni kilichopo chini ya matumbawe yenyewe. Kusini magharibi mwa Ireland, katika eneo linaloitwa Porcupine Seabight, kuna kilima chini ya bahari chenye kimo cha meta 155. Kinaitwa Challenger Mound. Mwaka 2005 meli ya utafiti JOIDES Resolution ilikitoboa kutoka kileleni hadi kitakoni. Kabla ya hapo wako waliodhani vilima vya namna hiyo vinaanzishwa na gesi inayovuja kutoka ardhini. Pale hawakukuta hiyo gesi. Walikuta matumbawe na tope, tope na matumbawe, mpaka chini kabisa, kwenye umri wa takriban miaka milioni 2.7. Na katikati kuna pengo la mamia ya maelfu ya miaka ambayo hayakuacha chochote.

Usidhani ni jabali la matumbawe, Mwajuma. Sehemu kubwa ni tope. Matawi yanapunguza kasi ya maji, tope linatua katikati yake, kisha hilo hilo tope linayashika matawi yasianguke, na mengine yanaota juu. Ndivyo kilima kinavyopanda. Ukiyang'oa matumbawe, mkondo unalizoa tope lote. Na tope lisipokuja, matumbawe yanabaki kifusi tu kilichotawanyika.

Halafu tope likishafunikwa linaanza kazi yake. Oksijeni inaisha upesi. Bakteria wanaobaki humo wanatumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni ili kula mabaki ya viumbe, na wanatoa ile gesi ya yai viza (hidrojeni salfaidi) unayoifahamu vizuri kuliko mimi. Gesi inakutana na chuma kilichomo kwenye udongo wa mfinyanzi, inatokea pairaiti, madini ya chuma na salfa. Siyo ile inayong'aa na kuwahadaa wachimbaji wadogo wa Nzega. Hii ni vichembe vyeusi vidogo mno, unavihitaji hadubini. Vikiachwa kwenye giza lisilo na hewa, havina neno na mtu.

Shida inaanza mkondo ukibadilika. Bahari ikikwangua ngozi ya juu ya kilima, maji yenye oksijeni yanapenya kwenye tope lililokuwa limefungwa, pairaiti inaoksidika, na hapo malizia mwenyewe mlinganyo: asidi ya salfuriki. Na iko wapi? Katikati ya mifupa ya matumbawe, ambayo ni aragonaiti, yaani kalsiamu kaboneti iliyo nyepesi kuyeyuka kuliko umbo lake jingine, kalsaiti. Asidi inaila chokaa, kalsiamu inaachiliwa, inakutana na salfeti iliyojaa pale pale, na fuwele za jasi (kalsiamu salfeti) zinaota ndani ya tope. Wataalamu wamezikuta kwenye kilima kidogo cha eneo hilo hilo la Porcupine, pamoja na vichembe vya dolomaiti, kaboneti ya kalsiamu na magnesi.

Jasi, Mwajuma! Tangu tusome tumeambiwa jasi ni mali ya maji yanayokauka. Itigi, pale treni yenu inapopita, ndivyo ilivyo: mbuga, jua, maji yanapotea, jasi inabaki. Maji ya bahari yenyewe hayana kalsiamu na salfeti ya kutosha kuitoa jasi bila kupungua kwa kukauka. Na hapo kilima kimekaa na maji mamia ya meta kichwani, jasi inatokea bila tone kukauka. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili nikacheka peke yangu.

Kuna jambo hapo ambalo nadhani wanapaswa kulisikia wale wanaosoma tope kama kumbukumbu ya hali ya hewa. Katika baadhi ya matabaka yaliyoganda kuwa mwamba ndani ya vilima hivi, matumbawe yameyeyuka, pamebaki tundu lenye umbo la tawi, na kalsaiti imeganda kuzunguka. Mtu akiona tabaka lisilo na matumbawe asikimbilie kusema hayakuishi hapo. Huenda yaliishi kwa wingi kisha yakaliwa na asidi. Mimi ningetaka kila anayechora jedwali la miaka aonyeshe kwanza ni nini kilichoyeyuka, ndipo aseme nini hakikuwapo.

Kwa darasa lako, fanya hivi. Chukua kombe la konokono wa ziwani (nakuwekea kadhaa, yale makubwa ya mviringo yanayotupwa ufukweni hapa) na kipande cha chaki ya ubaoni. Dondoshea kila kimoja siki. Kombe litatoa povu dogo dogo ukingoni, taratibu, usikilize kwa karibu. Liache usiku kucha kwenye siki utaona limelika. Chaki, ikiwa ni ile ya jasi kama nyingi za shuleni siku hizi, haitoi povu. Watoto waseme wenyewe kwa nini.

Usinitume nikutafutie matumbawe huku, maji yetu ni baridi, si ya bahari; chumvi yetu ni ile ya Uvinza jirani tu. Ila ziwa letu la Tanganyika nalo lina siri yake: linafika meta 1,470, na chini ya meta mia moja na kitu hadi mia mbili hivi hakuna oksijeni tena, kuna ile gesi ya yai viza. Wavuvi wa Kibirizi hawana habari nayo, dagaa hawashuki huko.

Mzigo wako nitauleta stesheni Ijumaa: makombe kwenye mfuko wa khanga, dagaa kwenye boksi, usivichanganye. Mpigie mtu wa mapokezi mapema, mara ya mwisho boksi lilikaa siku mbili chini ya jua, harufu yake ilifika Urambo kabla yake. Na ukimpata mtu anayepanda kutoka Itigi, aniokotee kipande cha jasi chenye fuwele, hata kidogo.

Ndugu yako,
Zuhura